Uaminifu wa Mtumishi: Tahadhari kwa Mtahiniwa

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu maudhui ya uaminifu kazini, usikimbilie kumsifu kila mtumishi mvumilivu. Mtazame Kijakazi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya Shafi Adam Shafi. Anamtumikia bwana wake kwa moyo wote, ilhali malipo yake ni matusi na dharau. Je, huo ni uaminifu? Nionavyo, ni utumwa uliokwisha kuzoeleka. Uaminifu una pande mbili. Hapa Chakol wanafunzi hulielewa jambo hili upesi (kuliko wanavyoielewa tashtiti!) ninapowatajia dereva anayelala katika foleni ya malori Malaba akilinda shehena ya tajiri: akiugua, nani atamgharimia matibabu?

Sasa linganisha na Kuli (1979), ya mwandishi uyo huyo. Humo, Rashidi na wenzake wanagoma bandarini Unguja, na mgomo wa aina hiyo ulitokea kweli mwaka 1948. Baadhi ya watahiniwa huwaita wakaidi. La hasha! Makuli hawakuikataa kazi. Waliukataa ujira duni. Mwalimu, waulize wanafunzi wako: kati ya Rashidi na Kijakazi, ni nani anayeiheshimu kazi yake zaidi? Wathibitishe kwa matukio.