Barafu ya Kaskazini na Vumbi la Mongolia: Mfugaji Ajifunze Nini?



Katikati ya Machi 2021, dhoruba kubwa ya vumbi iliikumba Mongolia, nchi ya wafugaji wanaohamahama barani Asia. Watu 10 walifariki, wakiwemo wafugaji. Mamia waliripotiwa kupotea, ingawa wengi walipatikana baadaye. Mifugo mingi ilitawanyika na mingine ikafa. Tarehe 15 vumbi lilifika Beijing, mji mkuu wa China, takriban kilomita 1,000 kutoka lilikotimka, na anga ikawa ya rangi ya chungwa.

Sehemu ya chanzo cha dhoruba hiyo ilikuwa mbali sana, kwenye barafu ya bahari.

Barafu inahusianaje na upepo?

Eneo la Ncha ya Kaskazini ya dunia hufunikwa na barafu. Barafu ni nyeupe, hivyo hurudisha mwanga wa jua angani. Ikiyeyuka, hubaki maji ya bahari yenye rangi nyeusi, nayo hunyonya joto. Hii ni sababu mojawapo kwamba tangu 1979 eneo hilo limepata joto karibu mara nne kwa kasi kuliko wastani wa dunia nzima.

Juu angani, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Nguvu yake inatokana na tofauti kati ya baridi ya kaskazini na joto la kusini. Kaskazini ikipata joto, tofauti hiyo hupungua, na mkondo unaweza kulegea na kupindapinda kama mto ulioingia tambarare. Kwenye mapindo hayo baridi kali huteremka kusini. Ikikutana na hewa ya joto, upepo mkali huzuka.

Wanasayansi waliochunguza dhoruba ya 2021 waliihusisha na mabadiliko ya barafu katika bahari za Barents na Kara, pamoja na joto la maji ya Pasifiki na Atlantiki. Si kila mwaka huwa hivyo. Kuna miaka ambayo upepo hupungua na vumbi nalo hupungua.

Upepo peke yake hauleti vumbi

Kabla ya dhoruba ile, Mongolia ilipata joto lisilo la kawaida kwa msimu huo na mvua kidogo. Theluji iliyeyuka mapema, udongo ukakauka na kulegea, na majani mapya yalikuwa hayajaota. Isitoshe, mwaka 2021 nchi hiyo ilikuwa na mifugo zaidi ya milioni 60, karibu 20 kwa kila mtu, na mbuzi walikuwa wengi sana. Maeneo mengi ya malisho yamechoka.

Upepo ulitoka mbali, lakini udongo ulioruka ulikuwa wa pale pale.

Na kwetu je?

Vumbi la huku lina upepo wake. Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, hutimua vumbi kwa sababu ya upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya. Lakini kanuni ni ile ile: palipo na majani, mizizi hushika udongo, palipo wazi, upepo huuchukua. Upepo hatuuwezi, ila ardhi tunaweza kuitunza.

Kabla ya msimu wa upepo

- Tengeni malisho ya akiba, kama ngitili ya Wasukuma au alalili ya Wamaasai, na heshimuni muda wa kuyafungua.
- Badilisheni njia za kwenda majini, ili kwato zisisage udongo mahali pamoja.
- Zungushia zizi ua wa miti au minyaa upande unakotoka upepo.
- Sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni kabla ya kupeleka mifugo mbali.

Vumbi likija

- Rudisha mifugo mapema. Ndama, wana-mbuzi na wana-kondoo wakae ndani.
- Zima moto wote. Funika maji, maziwa na chakula.
- Funga pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowanishwa. Mtoto, mzee na mwenye pumu wasitoke nje.
- Ukikutwa njiani, kaa mahali penye kinga hadi vumbi litulie. Usimfuate mnyama aliyepotea wakati huoni mbele. Ng'ombe hutafutwa kesho. Mchungaji akipotea, familia nzima imepotelewa.

Baada ya dhoruba

- Osha macho ya mifugo kwa maji safi. Osha kiwele kabla ya kukamua.
- Wape maji ya kutosha, wala usiwaswage safari ndefu siku hiyo.
- Chunguza kwa siku kadhaa. Mnyama anayekohoa, anayetoka makamasi mazito au anayehema mdomo wazi, mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo. Usikisie dawa: vumbi huumiza mapafu, lakini kikohozi chaweza pia kuwa homa ya mapafu, ambayo huambukiza kundi zima.

Kaeni kikao cha kijiji kabla kiangazi hakijakolea, mkubaliane ni eneo gani litapumzishwa mwaka huu na nani atalilinda.