Umbali Kati ya Maumbo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata Bernhard Riemann hadi Göttingen, kwenye mhadhara wake wa tarehe 10 Juni 1854. Alionyesha kwamba umbo lililopinda halihitaji kutazamwa kutoka nje. Ipe kila nukta kanuni ya kupima urefu na pembe, na mengine yote, yaani eneo, mpindo na njia fupi kuliko zote, yatapatikana humo humo. Kanuni hiyo ndiyo metriki.

Sasa chukua tufe. Unaweza kulivika metriki ya mpira kamili, au ile ya dunia yetu iliyobonyea, yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Unaweza kulivika nyingine yenye uvimbe huku na bonde kule. Metriki hizo hazina mwisho, nazo zote pamoja ni ulimwengu ambamo kila nukta ni umbo zima. Je, nukta mbili za ulimwengu huo zimeachana kwa umbali gani?

Jibu ambalo David Ebin alilifanyia kazi mwaka 1970 ni hili. Geuza metriki ya kwanza polepole mpaka iwe ya pili. Kila hatua, pima katika kila nukta jinsi metriki inavyobadilika kwa kulinganishwa na yenyewe, zidisha badiliko hilo kwa lenyewe, jumlisha juu ya eneo lote, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jumla ya hatua zote ni urefu wa safari. Umbali ni kiwango cha chini ambacho urefu wa safari hizo hauwezi kushuka zaidi yake.

Hapo pana hatari ambayo mwanafunzi wa sekondari hajawahi kukutana nayo. Ulimwengu huu una dimensheni zisizo na kikomo, na huko safari zinaweza kufupishwa na kufupishwa mpaka umbali kati ya vitu viwili tofauti ukawa sifuri. Mwaka 2005 Peter Michor na David Mumford walionyesha kwamba jambo hilo hutokea kweli katika ulimwengu wa namna hii, ule wa mageuzo laini ya umbo. Je, metriki nazo?

Kuna kinga moja iliyo rahisi. Kwa nyuso za dimensheni mbili, kipeuo cha pili cha eneo lote hakiwezi kubadilika kwa zaidi ya takriban 0.354 ya umbali uliosafiriwa. Kwa hiyo metriki zenye maeneo tofauti haziwezi kugusana. Zenye eneo sawa zilibaki bila ulinzi mpaka Brian Clarke alipozilinganisha nukta kwa nukta, kisha akajumlisha tofauti hizo juu ya umbo zima. Mwaka 2010 alichapisha uthibitisho kwamba umbali huu ni wa kweli. Mimi nauona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa za uwanja huu.

Hata hivyo umbali huo una tabia ya ajabu. Sinyaza tufe lenye nusu kipenyo 1, kwa usawa kila upande, mpaka eneo lake liishe. Safari hiyo ina urefu wa takriban 10.03 tu, na mwisho wake si metriki tena. Ulimwengu huu, basi, una kingo zinazofikika. Zaidi ya hapo, ukibadilisha umbo ndani ya kipande ambacho eneo lake ni dogo sana kabla na baada ya badiliko, umbali unabaki mdogo, hata kama kipande hicho kimeota mwiba mrefu mara elfu kuliko tufe lenyewe. Mwiba mwembamba hauna eneo la kutosha kuhesabika.

Anayetaka kulinganisha maumbo kwa urefu wa viungo vyao hana budi kutafuta umbali wa aina nyingine, unaouona mwiba huo. Mikhail Gromov anao, nasi tutaushughulikia katika sehemu ya tatu.