Wasiwasi Usiofuata Msimu

Mvuvi wa Mwabungo, kijiji cha pwani ya Kwale, hahitaji kalenda kuijua miezi ya dhiki. Kusi inapoanza kuvuma karibu na Aprili, bahari huchafuka nje ya mwamba, mitumbwi hulala ufukoni siku nyingi na kitoweo huadimika. Miezi hiyo hiyo hoteli za Diani, kaskazini kidogo ya kijiji, hupungukiwa na wageni, na baadhi ya wafanyakazi hurudishwa nyumbani hadi msimu ufunguke. Baba hukesha akipiga hesabu ya karo, unga na deni la dukani. Huo ni wasiwasi wa haki. Kaskazi ikirudi, bahari ikatulia na pesa zikaingia, kwa kawaida nao hutulia.

Lakini kuna wasiwasi usiojua kusi wala kaskazi. Deni limelipwa, mtoto yuko shule, samaki wapo, na bado mtu anaamka saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio, akisubiri baya asilolijua. Siku zinageuka wiki, wiki miezi. Huu ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa nao. Una tiba zinazofanya kazi, lakini ni takriban mgonjwa mmoja tu katika kila wanne anayezipata. Wengi hawatibiwi kwa sababu hakuna aliyeutambua, na hautambuliki upesi kwa kuwa huja umevaa sura ya maradhi ya mwili.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Ikiihisi, ishara hufika kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, na damu hupunguzwa tumboni ili ielekezwe kwenye mikono na miguu. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon aliueleza mpango huu mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Mvuvi aliyekutwa na dhoruba nje ya mwamba anauhitaji ili afike pwani.

Kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi, mpango huu huanza bila dhoruba. Anapumua haraka haraka, na hewa ya kabonidioksidi inapungua katika damu yake. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa kidogo, kichwa kinazunguka, vidole na midomo inaingia ganzi. Anaamini anakufa, na imani hiyo inamwaga adrenalini zaidi. Shambulio la namna hii hufika kilele kwa dakika chache, kisha hushuka lenyewe, ingawa kwa aliyemo ndani yake dakika hizo ni ndefu mno.

Ndiyo maana anayefika zahanati hasemi ana wasiwasi. Husema moyo wampiga, kifua kimembana, tumbo lamchoma, hapati usingizi. Huenda akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akapimwa malaria na presha, akarudi nyumbani na hali ile ile. Kupimwa mwili ni lazima: maradhi ya moyo, upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili zinazofanana. Majani ya muguka nayo yana kemikali zinazousisimua mwili na kufukuza usingizi, kwa hiyo mgonjwa aulizwe pia anachotafuna. Kosa ni kuishia hapo vipimo vinapotoka safi na kumwambia mtu kwamba hana kitu.

Wengine huambiwa wamepandwa na pepo au wamepatwa na kijicho. Dua na mashauri ya wazee humwondolea mtu upweke, na hilo si dogo. Familia inaweza kuendelea nayo huku ikimpeleka mgonjwa kwa daktari.

Maswali saba

Mwaka 2006 daktari wa Marekani Robert Spitzer na wenzake walichapisha dodoso fupi la maswali saba la kuutambua ugonjwa huu. Mtu anaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita: je, amekuwa na hofu au wasiwasi? Ameshindwa kuuzuia? Amehangaikia mambo mengi mno? Ameshindwa kupumzika? Amekosa utulivu hata asiweze kukaa? Amekuwa mwepesi wa kukasirika? Amehisi kana kwamba jambo baya litatokea? Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya 10 au zaidi inamaanisha apelekwe kwa uchunguzi kamili.

Toleo la Kiswahili lilijaribiwa Kilifi miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya ukimwi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa linategemeka. Kwa hiyo kifaa hiki kimeshapimwa katika pwani yetu na kwa lugha yetu.

Kuikaribia hofu

Anayeogopa hukwepa, na kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa. Chukua mtu wa Mwabungo aliyeshikwa na hofu akiwa ndani ya feri ya Likoni ya kwenda Mombasa. Hofu ya kivuko ina mizizi ya kweli: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya kivuko jirani cha Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Akiacha kuvuka, anapata nafuu siku hiyo, na ubongo wake unajifunza kuwa amepona kwa sababu hakupanda. Kesho hofu inakua. Baadaye hapandi hata matatu ya kwenda Likoni, na kazi ya Mombasa inampotea.

Tiba hugeuza mwendo huo. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyetibu askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuona dawa haziwasaidii vya kutosha, alibuni njia ya kumsogeza mgonjwa karibu na anachokiogopa hatua kwa hatua, huku mwili umetulizwa. Kwa mtu wetu, siku ya kwanza ni kusimama Likoni akitazama feri ikipakia. Baadaye anavuka na ndugu yake, kisha peke yake, akikaa na hofu mpaka ishuke. Ubongo unapata somo jipya.

Mazungumzo ya tiba hayahitaji daktari bingwa kila mara. Katika utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017, wanawake 421 waliowahi kupitia ukatili wa kijinsia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa: kutuliza pumzi, kutatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli zilizoachwa, kujenga upya uhusiano na watu. Dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Wasiwasi ukizidi, daktari huongeza dawa kama fluoksetini au sertralini. Hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu na hazifai kukatizwa ghafla. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea ndani ya wiki chache na kuiacha kukawa shida. Isinunuliwe bila agizo la daktari.

Swali la kuongeza

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wahudumu hao hubisha hodi nyumbani, hukaribishwa kwenye jamvi na hujulikana kwa majina. Kumfunza mhudumu kuuliza maswali saba baada ya kupima presha hakuhitaji mashine mpya. Atakayefikisha alama 10 aelekezwe zahanati, na aliyezidiwa apelekwe hospitali ya rufaa ya Msambweni. Anayefikiria kujidhuru asisubiri ziara. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kaunti ya Kwale inaweza kuanza na kijiji kimoja. Mwabungo panafaa: kusi ikiisha na kaskazi ikakaa vizuri, wahudumu wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza. Watakaokuwa bado hawalali miezi hiyo ndio wanaohitaji tiba kwanza, na tiba ipo.