Majina ya Ubatizo, ya Ukoo na ya Utani: Namna ya Kuwatafuta Wazee Wetu katika Vitabu vya Parokia



Ndugu waamini, mwezi wa Novemba unapokaribia familia nyingi huleta parokiani majina ya marehemu wao ili waombewe. Wengine hufika ofisini kutafuta habari za ubatizo wa babu au bibi, ama kwa nia ya kuandika historia ya ukoo, ama kwa sababu mirathi au maandalizi ya ndoa yamewalazimu kujua nani ni ndugu wa nani. Mara nyingi huambiwa kwamba jina hilo halimo kitabuni. Hata hivyo, huenda mzee huyo yumo, ila ameandikwa kwa jina ambalo wajukuu hawakulizoea.

Kanisa huandika nini?

Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, na waandike pia majina ya wasimamizi wa ubatizo. Sheria ya Kanisa ya sasa, iliyotangazwa mwaka 1983, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kuvitunza vile vya zamani kwa uangalifu (kanuni 535). Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa (kanuni 877). Pembeni huongezwa habari za Kipaimara, ndoa, upadrisho au nadhiri za daima. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kubeba maisha ya mtu karibu yote.

Jina la kati si kitu kimoja kila mahali

Kwa watu wengi wa Ulaya, jina la kati ni jina la pili la mtu mwenyewe. Kwetu Tanzania, kwa kawaida ni jina la baba, na la tatu ni la babu au la ukoo. Tuchukue mfano wa Anna Petro Shija: Anna ni yeye, Petro ni baba yake, na Shija ni babu. Watoto wa kaka yake Yosefu wataitwa kwa jina la Yosefu na la Petro, na jina la Shija litatoweka. Anayemtafuta Shija kwa jina la mwisho la wajukuu hatamwona.

Tahadhari nyingine: “Maria Yosefu” aweza kuwa Maria binti Yosefu, lakini pia aweza kuwa amepewa majina mawili ya watakatifu. Ndiyo maana safu ya wazazi isomwe daima pamoja na safu ya jina.

Sheria ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko kwamba, iwapo wazazi hawakubali kumpa mtoto jina la Kikristo, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Leo inatakiwa tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo (kanuni 855). Tena wapo waliochagua jina jingine wakati wa Kipaimara, na masista waliobadili jina walipoingia utawani. Shangazi mtawa mnayemfahamu kwa jina la utawa, katika kitabu cha ubatizo yumo kwa jina la utotoni.

Majina ya nyumbani yana ushahidi wake

Msiyadharau majina ya utani na ya nyumbani. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni mtoto anayewafuata. Ukimkuta Shija, tafuta mapacha waliomtangulia, hata kama walifariki wachanga. Majina kama Masumbuko, Tabu na Shida mara nyingi husimulia hali ya nyumba wakati wa uzazi. Bibi aliyejulikana kijijini kwa jina la “Mama Paulo” anatuonyesha njia ya kufika kwenye ubatizo wa mwanawe Paulo, na humo jina lake halisi huandikwa.

Hata Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Mtume Tomaso huitwa Pacha, na Yosefu wa Kipro twamfahamu kwa jina la Barnaba alilopewa na mitume (Mdo 4:36).

Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan anatufundisha zaidi. Alitekwa utotoni na kuuzwa utumwani, na kwa mateso hayo akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Tarehe 9 Januari 1890, huko Venezia, alibatizwa Giuseppina Margherita Fortunata, na hilo la mwisho lina maana ileile ya bahati. Jina la utumwa halikufichwa. Kanisa linamheshimu nalo hadi leo.

Jinsi ya kutafuta

Kwanza, waulizeni wazee majina yote ya mhusika, kigango alichoishi, msimamizi wake, na tukio lililokuwa karibu na kuzaliwa kwake. Pili, tafuteni kwa tarehe na mahali kabla ya jina. Tatu, kumbukeni kwamba vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini: Joannes ni Yohane, Jacobus ni Yakobo, Ludovicus ni Ludoviko. Mmisionari Mjerumani aliweza kuandika “sch” mahali pa “sh”, na Mfaransa “ou” mahali pa “u”. Nne, linganisheni na kitabu cha ndoa, maana wazazi na wasimamizi walewale huthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Kila mhusika ana haki ya kupata nakala ya hati inayohusu hali yake binafsi (kanuni 487), lakini vitabu havifunguliwi kwa kila mdadisi. Jina la baba likikosekana, msiharakishe kumhukumu bibi yenu: kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria huruhusu jina la baba liandikwe tu penye uthibitisho wa hati au tamko lake mwenyewe. Wala mtu asiombe jina la zamani lifutwe ili lifanane na kitambulisho. Tofauti hizo zipelekwe kwa paroko, naye atawasiliana na ofisi ya Kansela wa Jimbo.

Kwa wachumba jambo hili ni zito. Watoto wa ndugu wa damu hawawezi kufunga ndoa halali bila kibali cha Kanisa (kanuni 1091), na majina tofauti ya mwisho yaweza kuuficha udugu huo. Ni heri kuugundua mapema kuliko baada ya kutangazwa ndoa kanisani.

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wakalisheni wazee mkaandike majina yote ya marehemu wenu wangali hai wanaoyakumbuka, na orodha hiyo mje nayo kwenye Misa ya Marehemu Wote.