Pointi Gadi Hapimwi kwa Urefu

Kumpima mwenzako si kazi rahisi, hasa ikiwa mwenzako huyo ndiye atakayekunyang'anya nafasi. Mimi yalinipata muhula wa kwanza, msimu wa mpira wa vikapu. Kocha alinipa daftari akaniambia, "Mtazame huyu kijana, halafu uniambie kama anatosha." Kijana mwenyewe ana miaka 15 na ni mfupi kama kisiki. Nafasi anayoicheza ni yangu mimi: pointi gadi, yaani yule anayeuleta mpira mbele na kuwaongoza wenzake.

Wengi shuleni walikuwa wamekwisha kata kesi. "Ati huyo? Si ni mfupi!" Lakini Muggsy Bogues wa Marekani alikuwa na urefu wa mita 1.60 tu, na alicheza ligi ya NBA misimu 14, tangu 1987 hadi 2001. Urefu humfaa zaidi yule anayekaa chini ya kikapu. Timu ina sekunde 8 za kuuvusha mpira nusu ya uwanja, na sekunde 24 za kurusha. Kwa hivyo kazi kubwa ya pointi gadi ni kufikiri upesi.

Basi sikuhesabu vikapu alivyofunga. Nilitazama mpira unaishia wapi baada ya kutoka mikononi mwake. Je, umemfikia mwenzake aliye tayari kurusha, au umepotea? Katika mechi moja ya mazoezi aliuleta mbele mara 20, akaupoteza mara 7. Sitaficha, nilifurahi kidogo. Lakini nilipolisoma daftari tena niliona kwamba mara 6 kati ya hizo alikuwa amesukumwa kushoto. Mkono wake wa kushoto ni mzito. Hiyo ni dosari kweli, lakini dawa yake ni mazoezi.

Dosari ya pili ilinidanganya. Kijana alikuwa akidunda mpira huku ameinamisha kichwa. Nikaandika, "Haoni wenzake." Kisha tukaenda kucheza mjini Bungoma, kwenye uwanja wa saruji. Jameni! Kichwa kiliinuka, na pasi zikatoka hata kabla wapinzani hawajageuka. Hapo ndipo nilipofahamu. Uwanja wetu hapa Sirisia ni wa udongo, na mvua ikishanyesha hubaki mashimo na changarawe. Mpira ukidunda hujui utarukia wapi, na usipoutazama unakuponyoka. Kumbe nilikuwa nikiupima uwanja, si mtu!

Na ubora wake je? Kila aliponyang'anywa mpira hakusimama kumlaumu mtu. Aligeuka mbio akarudi kulinda, mara zote 7. Mimi je? Mara nyingi hushika kiuno nikamtazama refa. Tena aliwaita wenzake kwa majina na kuwaonyesha pa kusimama, nao wakubwa wake wakamtii. Mkono wa kushoto hufundishwa, lakini moyo wa namna hiyo ni vigumu kumfundisha mtu.

Februari 2021, kule Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa mwisho wa Tyler Ongwae, kisha ikafuzu kucheza AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mtupo ule sote twausifu, na unastahili. Lakini mechi husogea kwa mipira mingi isiyopigiwa makofi, na hiyo ndiyo mizani ya pointi gadi.

Nililishika daftari lile siku mbili. Kuandika "bado" kungeniachia nafasi yangu, na hakuna ambaye angejua. Mwishowe niliandika: "Anatosha. Aanze yeye. Mkono wa kushoto nitamfundisha mimi." Siku hizi jioni utatukuta uwanjani, mkono wake wa kulia nimeufunga mgongoni kwa sweta yangu.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.