Kwa Nini Tusi la Mtani Halichomi

Katika misiba mingi ya Uzaramo na Uluguru, mtani anaweza kujitokeza katikati ya waombolezaji akaigiza mwendo wa marehemu, akamsema kwa uchoyo wake, kisha akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawamfukuzi, wengine hucheka machozi yangali mashavuni. Maneno hayohayo akiyasema jirani asiye mtani, msiba utageuka ugomvi na pengine mtu atapigwa. Tofauti haimo katika maneno wala katika roho ya msemaji, bali katika nafasi anayosimama mbele ya wafiwa. Wengi wetu huamini kwamba namna tunavyozungumza na watu hutokana na tabia zetu: huyu mcheshi, yule mkali, yule mpole. Mimi nadai kwamba kabla mtu hajafungua kinywa, jamii imekwisha kupanga kwa sehemu kubwa nani anaweza kumwambia nani nini, na utani ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote.

Tuanze na familia. Mwanamume anayekwenda ukweni asubuhi anaweza kuinamisha macho mbele ya mama mkwe, asile naye sahani moja na asitamke neno lenye harufu ya mzaha; dakika chache baadaye, uani, anatupiana kejeli na wadogo wa mkewe, na hakuna anayeona ajabu. Tabia yake haikubadilika kati ya sebule na ua. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alilishughulikia jambo hili katika makala yake ya mwaka 1940, na maelezo yake bado yananitosheleza kuliko mengine. Ndoa, alisema, inaunganisha pande mbili na wakati huohuo inaziacha zikiwa mbili, zenye masilahi yanayoweza kugongana. Watu wa namna hiyo hawawezi kuachwa wazoeane ovyo. Njia moja ya kuzuia ugomvi ni heshima iliyokithiri, ya kukwepana kabisa. Njia nyingine ni dhihaka ambayo anayedhihakiwa haruhusiwi kuikasirikia. Kwa hiyo kumkwepa mkwe na kumtania shemeji, mambo yanayoonekana kuwa kinyume, ni majibu mawili ya tatizo moja. Babu na mjukuu nao hutaniana kwa kuwa mzigo wa kuadhibu na kulea uko mabegani mwa kizazi kilicho kati yao. Mzazi huyohuyo anayemkaripia mwanawe leo atakuja kutaniana na watoto wa mwanawe, nafasi yake itakapobadilika.

Utani wa makabila unapanua mpango huu nje ya ukoo. Mmoja wa waliokusanya habari zake mapema Tanganyika ni R. E. Moreau, ambaye kwa kazi yake alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na makala yake juu ya utani yalitoka miaka ya 1940. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi na Wasukuma hutaniana na Wazaramo, na hapo tunaiona njia ya misafara iliyotoka bara ikiteremka hadi pwani. Mpagazi aliyefika ugenini akiwa mgonjwa alihitaji mtu wa kumpa chakula na mahali pa kulala, na akifa, mtu wa kumzika. Wageni wasio na damu moja walihitaji sababu ya kudaiana msaada, na utani ukawapa. Kusini zaidi, katika mji wa migodi wa Luanshya, J. Clyde Mitchell alionyesha mwaka 1956 jinsi makabila yaliyokuwa na uadui wa zamani yalivyotaniana mjini, mahali ambapo watu wasiojuana walilazimika kufanya kazi bega kwa bega.

Si wote waliokubali maelezo haya. Mwaka 1948 Marcel Griaule, aliyewachunguza Wadogon wa Mali, alipinga kuweka desturi za watu mbalimbali katika kapu moja. Kwa Wadogon, alisema, matusi ya mtani humsafisha anayetukanwa, na maana hiyo haipatikani kwa kutazama mahusiano tu. Ana haki katika jambo moja: kila jamii ina sababu zake inazozitaja. Lakini maana hiyo ya utakaso haifanyi kazi kwa mtu yeyote tu anayetukana. Lazima awe mshirika anayetambuliwa, na hapo tumerudi kwenye nafasi. Wengine watasema mtu hatembei kama mwanasesere wa jamii, kwa kuwa kuna watani wachangamfu na watani wanaochosha. Kweli kabisa. Nafasi humpa mtu ruhusa, haimpi kipaji. Na anayedhani utani umebaki vijijini asikilize mashabiki wa Yanga na Simba, klabu zilizoanzishwa 1935 na 1936, ambazo magazeti yetu huziita watani wa jadi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utani huficha dharau. Nalichukulia kwa uzito, maana nchini mwetu watu huumizwa kila siku kisha wakaambiwa wasikasirike, ni utani tu. Ila utani wa kweli una masharti mawili ambayo waumizaji hawa hawayatimizi: anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa ukali uleule, na anayetania ana wajibu wa kufika siku ya shida. Mkuu wa ofisi anayemkejeli karani kwa maumbile yake, akijua karani akijibu atapoteza kazi, amevaa jina la utani juu ya mamlaka. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi mbele ya darasa hali kadhalika. Wanaosimamia ofisi na shule zetu wasiupokee utetezi wa "nilikuwa namtania" kabla ya kuuliza kama yule mwingine angeweza kujibu bila kuadhibiwa. Kama hangeweza, walishughulikie jambo hilo kama unyanyasaji.