Jino la Kijana Asiyeweza Kusema "Linauma"

Kwa muda wa wiki tatu kijana wetu hakulala. Baada ya Swala ya Isha alikuwa akizunguka uani huku akijipiga kofi shavu la kulia, na wali kwa mchuzi wa samaki, chakula alichokipenda tangu utotoni, akausukuma kando baada ya matonge mawili. Ana miaka 21. Ana usonji, na maneno anayoyatumia hayazidi thelathini. Neno "linauma" halimo. Jirani mmoja, kwa nia njema, akatuambia kuwa kijana ameingiliwa. Tukamwita ustadhi, akamsomea. Na ni ustadhi huyohuyo, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliyetufumbua macho. "Baba," alisema alipomaliza kisomo, "nimemsomea na nitaendelea kumwombea, lakini mbona anashika mahali pamoja tu? Mtazameni kinywa."

Tulimvizia alipopiga mwayo, tukamulika kwa tochi ya simu. Gego la chini lilikuwa limetoboka, na ufizi wa kando yake umevimba.

Wiki tatu! Tunaiandika idadi hiyo kwa haya, tukijua kwamba katika nyumba nyingi za Waislamu wako vijana wa namna hii ambao maumivu yao huitwa ukorofi, au jini, au "ndiyo hali yake". Mtu mwenye usonji anaweza kuhisi maumivu bila ya kuweza kuonesha yanakotoka. Husema kwa mwili: hujipiga, hutafuna upande mmoja, huuma nguo, hukataa chakula cha moto au cha baridi, huamka usiku bila sababu inayoonekana. Mwenendo ukibadilika ghafla, kinywa kiwe miongoni mwa vitu vya mwanzo kutazamwa. Kisomo hakizuii kwenda hospitali; Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwahimiza umati wake kutafuta tiba.

Sababu za meno yake kuoza tulizijua mara tulipokubali kujiuliza. Povu la dawa ya meno lilikuwa likimtapisha, nasi tukachoka kupigana naye, tukaacha. Kila alipokubali kukaa kwa kinyozi tulimpa pipi. Kila alipotulia darsani, biskuti. Kwa miaka mingi dawa zake zilikuwa za maji, tamu kama sharubati, na nyingine tulimpa usiku akiwa tayari kitandani. (Wazazi ambao watoto wao wana kifafa pamoja na usonji wamuulize daktari kuhusu dawa iitwayo fenitoini, kwani huweza kuvimbisha ufizi.)

Tukaanza kutafuta tiba. Zahanati ya kwanza ilikuwa ya binafsi, safi, yenye kiyoyozi. Tukiwa bado katika chumba cha kusubiri, mashine ya kuchonga jino ikalia kutoka chumba cha pili. Kijana wetu aliziba masikio, akaangusha meza ya magazeti, akatoka mbio hadi barabarani. Tuliambiwa tusimrudishe hadi awe tayari kulazwa kwa nusukaputi, na bei tuliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mishahara mitatu ya mmoja wetu. Mahali pa pili walimpokea kwa upole, lakini huduma yao ilikuwa ya watoto, naye ni mwanamume mwenye ndevu. Mahali pa tatu walipendekeza vijana wanne wamshike mikono na miguu. Tulikataa. Alipokuwa na miaka 8 tuliweza kumpakata; leo ana kilo 80, na mtu aliyefungwa kwa nguvu mara moja harudi mara ya pili. Jino lilikuwa moja, lakini kinywa ni cha maisha yake yote.

Hatuidharau nusukaputi. Wako wanaoihitaji kweli, hasa yanapokuwa meno mengi yaliyooza kwa pamoja, na gharama yake ina sababu: chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, vipimo kabla na uangalizi baada. Tunachosema ni kwamba usiwe mlango wa kwanza kuoneshwa mzazi, tena mlango wa pekee.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa hospitali ya serikali. Daktari wa meno tuliyempata ni mama wa makamo, na swali lake la kwanza halikuhusu jino.

"Anapenda nini?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Tukamjibu kwamba anapenda tasbihi; huhesabu punje zake 33, na akifika mwisho hutabasamu kama aliyefika nyumbani.

"Basi mje nayo," akasema. "Na mje Jumanne saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine yoyote haijawashwa."

Aliandika dawa ya maumivu na ya kupunguza uambukizo, kisha akatuonya kwa sauti ya ukali kidogo: uso ukivimba, homa ikipanda au akishindwa kumeza, tusingoje miadi yoyote, twende idara ya dharura saa hiyohiyo. Zaidi ya hapo, alitutaka tutoe muda.

Siku ya kwanza kijana wetu alifika kibarazani tu, akamsalimia daktari kwa kumgusa kiganja, tukaondoka. Siku ya pili alikaa kwenye kiti, na kiti hakikulazwa. Siku ya tatu akakishika mwenyewe kile kioo kidogo cha mdomoni, akajitazama, akakubali daktari naye atazame. Nyumbani tulifanya mazoezi kila baada ya Magharibi kwa kijiko cha chai na tochi ya simu: fungua, hesabu, funga. Kanuni ya daktari ilikuwa moja, naye hakuivunja hata mara moja. Anafanya kazi kwa punje 33, kisha anatoa mkono kinywani, hata kama zimebaki sekunde mbili kazi ikamilike. Tunaamini hapo ndipo hofu ilipovunjika. Kijana aliona kwamba jambo lina mwisho, na mwisho wake ameushika mkononi.

Katika mwendo wa wiki mbili tulikwenda mara tano. Siku ya tano alimezeshwa kidonge cha kumtuliza palepale hospitalini, akiwa chini ya uangalizi, akapakwa ganzi ya juu ya ufizi kwanza, kisha sindano, na gego likang'oka. Alilia. Mmoja wetu alilia pia. Usiku ule alilala hadi adhana ya Alfajiri.

Meno mengine mawili yalikuwa yametoboka kidogo. Hayo daktari aliyaziba bila ya mashine kabisa: alikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, akajaza saruji ya meno yenye floridi. Wala njia hii si ubunifu wa kuziba pengo la vifaa. Ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Ilikusudiwa vijiji visivyo na umeme. Kwa mtu anayeogopa mlio na mtetemo, ni rehema, ingawa haifai jino ambalo uozo umefika kwenye mshipa. Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kwa brashi na kusimamisha uozo. Huliacha tundu likiwa jeusi, na wako wazazi wanaoikataa kwa ajili ya sura. Sisi tuliikubali kwa gego la nyuma. Dawa hiyo na ile saruji ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo. Mzazi aulize kwa jina lolote atakaloweza: "Je, mnaziba jino bila mashine?"

Jumla ya malipo ya hospitali haikufikia robo ya ile bei ya kwanza. Tulitumia zaidi kwa bajaji, kwa kuwa daladala hakuiweza, na kwa siku za kazi zilizokatwa. Hapo ndipo msikiti wetu uliposaidia: imamu alichangisha nauli baada ya Ijumaa, bila kulitaja jina la kijana. Wengi hukumbuka sadaka ya upasuaji mkubwa. Nauli ya kwenda kukaa kwenye kiti na kurudi hakuna anayeifikiria.

Kwa familia iliyo Dar es Salaam, chuo cha Muhimbili kina skuli ya meno inayofundisha madaktari, na hospitali za mikoa zina idara za meno. Asiye na uwezo aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa kwenye dirisha la malipo. Mwenye bima asome mapema kadi ya kijana wake inaishia umri gani, kwani yetu tuliijua imekwisha tukiwa dirishani. Na achukue karatasi moja iliyoandikwa anachokipenda, anachokiogopa na namna anavyoonesha kwamba amechoka.

Mswaki sasa ni wa mti. Suna ile ambayo Mtume (rehema na amani zimshukie) aliisisitiza mno imemfaa kijana wetu kwa namna tusiyoitarajia: hauna povu, na yeye hupenda kutafuna. Kwa kuwa meno yake yanahitaji floridi, usiku tunampaka dawa ya meno kidogo kwa kidole kilichovikwa kitambaa, naye hutema bila kusukutua. Siku nyingine hukataa, tukamwacha hadi kesho.

Miadi ijayo ni Jumanne. Tasbihi imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na jana jioni, bila kuambiwa, aliitungua, akakaa kwenye kiti cha uani, akafungua kinywa na kutusubiri tulete kijiko.